Jiwe la Nyanya Kule Berezofka

Molo, Ijumaa jioni

Mwanangu Kageha,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali ya yule wanayemwandikia. Yako naijua. Uko upande wa pili wa pazia, unakunja upya nguo ambazo mama yako amekwisha kuzikunja, na tangu Jumapili hujaniambia neno zaidi ya "chakula tayari." Ningeweza kuja huko tukaongea kama watu. Jana nilijaribu. Nilisimama mlangoni nikakuuliza kama sanduku lina kufuli, ukasema lina, nikarudi zangu. Kwa hiyo naandika, na mama yako atazitia karatasi hizi chini ya blanketi. Uzisome treni ikishaondoka. Usizisome mbele yangu.

Mambo ya sabuni, viatu na namna ya kukaa na wenzako bwenini mama yako ameyamaliza, hajaniachia hata moja. Mimi nina jambo langu moja tu. Ni nyanya yako, ambaye ulimlilia ukiwa mdogo mpaka ukashikwa na kwikwi, na ambaye utakaposhuka Kisumu atakuwa amesimama steshini akikungoja kwa miguu yake mwenyewe.

Niliapa nitakuambia kabla baba yako mdogo Musa hajafika kutoka Nakuru. Nilikuwa na wiki nzima. Nilikuambia habari za mvua, nikakuambia habari za bei ya pareto, nikafika mpaka habari za paka wa memsahib. Kisha Musa akaingia na koti lake la reli, akaketi, akasema, "Mama anawasalimu sana. Amesema mtoto asilale kwa watu Kisumu, atamfuata mwenyewe steshini."

Ukauliza, "Mama gani?"

Musa akacheka. "Mama gani tena? Mama yetu sisi. Nyanya yako, Kageha mkubwa."

Ulishusha birika polepole. Hukumtazama Musa, ulinitazama mimi. Na mimi, baba yako, mtu mzima mwenye mvi, nikasema, "Chai inapoa." Ndilo neno nililopata. Nimelifikiria wiki hii yote, na kila nikilikumbuka natamani sakafu ifunguke.

Basi acha nianze mahali jambo hili lilipoanzia, nalo halikuanzia kwetu. Lilianzia Berezofka.

Wewe unaijua Berezofka. Ungeweza kuichora ukiwa umefumba macho. Lakini hujui nilivyoijua mimi. Nilipoandikwa jikoni hapa, kabla hujazaliwa, bwana alikuwa amekwisha kufa na memsahib alikuwa peke yake na shamba lote hili la juu ya Molo, pareto na kondoo na ukungu. Majirani zake Wazungu hawakumtembelea sana. Walisema yeye si Mwingereza, aliolewa tu. Sisi tulimwita Mama Mrusi. Alikuwa hawezi kukaa bila kusema, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi. Siku za kukanda mikate alimwaga unga mezani, akausawazisha kwa kiganja, halafu akachora kwa kidole.

Kwanza mto. Mto mdogo, umepinda kama mundu, na ndani ya ule mundu ndipo kijiji kilipo. Juu kwenye mwinuko kanisa la mbao lenye kichwa cha kijani mfano wa kitunguu. Kando yake nyumba ya baba yake, yenye baraza la vioo. Kutoka hapo njia inashuka kati ya miti yenye maganda meupe kama karatasi, na kijiji kimepata jina lake kwa miti hiyo. Chini kabisa, karibu na kinu cha kusagia, nyumba za watu wa shamba, zimegeuza migongo upande wa upepo. Na makaburi yako ng'ambo ya mto. Hapo kidole chake kilikuwa kikisimama. Majira ya baridi mto uliganda, mikokoteni ikapita juu yake, na mtu akifa walimvusha bila taabu. Lakini barafu ilipoanza kupasuka hapakuwa na njia, kwa mguu wala kwa mashua, na aliyekufa wiki hizo ilibidi angoje katika kibanda nyuma ya kanisa mpaka mto utulie. Mimi nilizaliwa mahali ambapo maji hayajapata kuganda hata kwenye kikombe, nami nikawa najua vizuri kabisa wafu wa Berezofka wanangojea wapi.

Historia yake nayo nikaijua. Babu wa babu yake alipewa ardhi ile na mfalme, akaleta watu kutoka mbali kuja kuilima. Walitembea na ng'ombe wao na watoto wao, na walipofika hawakuruhusiwa kuondoka tena bila karatasi ya bwana. Siku fulani walilima la bwana, siku zilizobaki walilima vishamba vyao. Baadaye mfalme mwingine akasema wako huru, ila ardhi ikabaki kuwa ya bwana, wakaendelea kulima palepale. Siku aliponisimulia hayo nilimsikiliza kipande changu, ile karatasi ya kazi ya serikali, kikining'inia shingoni kwenye kile kikebe chake, nikamuuliza, "Memsahib, hao watu wa baba yako walikuwa kama sisi tunaokaa kwenye laini za wafanyakazi?"

Akasema, "Hapana. Hapana kama." Akakanda unga muda mrefu. Halafu akasema, "Kidogo."

Nilimpenda kidogo kwa neno lile, na sikumwuliza tena.

Mwisho wa Berezofka unaujua pia. Wanaume walirudi kutoka vitani na bunduki zao na hasira zao, nyumba ya vioo ikachomwa, yeye akatoroka na shangazi yake usiku. Mama yake alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuwaacha waliolala ng'ambo ya mto. Tangu hapo hapakuja habari. Mama Mrusi hajapata kujua mama yake alikufa siku gani, wala kama alifikishwa ng'ambo. Kwa hiyo alichagua siku mwenyewe, na kila mwaka siku hiyo anachemsha ngano nzima, anatia asali, anawasha mshumaa, anataja majina ya watu wake, kisha inaliwa. Hakuna huzuni katika kula kwenyewe. Wewe na ndugu zako mlikuwa mkigombania asali ya chini.

Sasa nifike kwangu.

Shambani hapa, mwanangu, jamaa zetu walikuwa wakifa sana. Hakukuwa na njia nyingine ya kupata ruhusa. Mtu akitaka kwenda Njoro kuona mchumba, alimuua shangazi. Mjomba wa dereva wa trekta alizikwa mara nyingi hata tukaanza kumwonea huruma. Nyapara wetu, Chege, alikuwa akituuliza kazini, "Leo unaua nani?" na tukicheka, naye akicheka, na ruhusa akiandika.

Kulikuwa na dansi Nakuru. Kulikuwa na watu wa magitaa kutoka Nairobi, na mimi nilikuwa na koti jipya ambalo hakuna mtu wa maana aliyekuwa ameliona. Nikamwendea Chege. Akasema, "Zakaria, wewe ni wa jikoni, mimi sina ruhusa yako. Nenda kwa Mama Mrusi mwenyewe. Lakini huyo hatoi ruhusa kwa mjomba wala shangazi. Labda mama."

Alikuwa akitania. Nami nilikwenda jikoni nikatoa mama.

Sikufikiri hata kidogo, huo ndio ukweli. Baba alikufa nikiwa mdogo, na huyu mama alitulea mimi na Musa kwa jembe lake na mgongo wake, na nilimtaja kama mtu anavyotaja jina la steshini. Nilisema, "Memsahib, nimepata habari. Mama yangu amekufa." Nilitegemea aseme pole, anipe siku mbili. Badala yake alikaa chini. Uso wake ulibadilika. Akanishika mkono, mimi mpishi wake, na mikono yote ilikuwa na unga, akasema, "Wewe kwenda sasa. Wewe fika kwa yeye. Mimi hapana fika kwa mama yangu." Akanipa nauli mpaka Kisumu.

Nilipanda treni ya upande wa pili, nikashuka Nakuru.

Nilicheza dansi. Wengine wangekuambia hawakufurahi hata kidogo, moyo uliwauma. Mimi nilifurahi. Ndipo nilipomwona mama yako kwa mara ya kwanza, amesimama na dada yake karibu na mlango, na akalisifu koti langu. Ukitaka kujua kwa nini sijawahi kumsimulia mtu tulivyokutana, ni hivyo.

Nilirudi nikidhani limekwisha. Siku ya arobaini nikaitwa mezani, si jikoni, mezani. Palikuwa na bakuli la ngano na mshumaa. Mama Mrusi akataja baba yake, akataja kaka yake, akataja mama yake, kisha akauliza, "Jina?" Nikasema, "Kageha." Akaliombea kwa Kirusi, polepole, ili asilikosee. Akanipa kijiko.

Nilikula, mwanangu. Ningeweza kusema hapo. Kila mwaka ningeweza kusema hapo, kijiko hakijafika mdomoni. Njia ya mwongo fupi, husema watu, lakini yangu ilikuwa ndefu kwa sababu kila alipoiongeza yeye kwa wema wake mimi niliifuata.

Halafu ukazaliwa wewe. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hili halikumhusu mama yangu peke yake, lilikuhusu wewe. Miaka ile nilipenda kujionyesha jikoni, nikamweleza Mama Mrusi desturi zetu, nikamwambia kwamba kwetu jina la nyanya hupewa mtoto nyanya akishazikwa, ili mtu asipotee. Lilimpendeza sana. Basi siku ya tatu tangu uzaliwe alikuja laini mwenyewe, na shuka laini na sukari, akakuchukua mikononi, akasema, "Huyu Kageha. Amerudi."

Wote walikuwepo. Wanawake wa laini walikuwepo. Nikasema ndiyo.

Mama yako alisusa. Wiki nzima hakukuita kwa jina lolote, alisema "mtoto" tu. Yeye alijua, nilikuwa nimemwambia kabla hatujaoana, na alifikiri nitarekebisha. Naye ni wa kule kwetu, anajua maana ya kumpa mtoto jina la mtu anayekula na kutembea. Aliniambia, "Zakaria, siku moja mfu wako atapiga hodi, na mimi ndiye nitafungua mlango." Tazama jinsi maneno yake yalivyotimia, hata kama aliyepiga hodi alikuwa Musa.

Habari ilifika nyumbani kabla ya mwezi kuisha. Musa ndiye aliyekuwepo. Mama alikuwa juu ya jiwe letu kubwa, ameanika nafaka ya wimbi, na Musa akamwambia kwa furaha, asijue lolote, "Zakaria amepata msichana, amemwita Kageha." Mama aliendelea kugeuza wimbi kwa mguu. Baadaye akasema, "Basi mwanangu amenizika. Aliyezikwa hasumbui watu." Tangu siku hiyo hajauliza habari zangu. Habari zako anauliza kila Musa akienda. Alijua umeanza kutembea, alijua ulipougua surua, alijua umefaulu mtihani. Mimi nilifanywa kama mto uliopasuka barafu. Habari zako zilivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nami niko katikati.

Usidhani Mama Mrusi alinizuia. Likizo nilipewa. Nilizimalizia Nakuru kwa Musa, nikicheza bao nyuma ya nyumba za reli. Mwaka ule mama alipougua mguu akalala muda mrefu, Musa alikuja akaniambia, "Twende." Nikawaza nitamwambia nini memsahib. Kwamba maiti inaumwa? Ningeweza kumuua mjomba, lakini nilikuwa nimeapa sitamuua mtu mwingine. Uaminifu wangu ulichagua siku hiyo ya kuanza. Nilimpa Musa blanketi apeleke, naye akarudi nalo. Alisema mama ameuliza, "Maiti hufunikwa mara ngapi?"

Na wewe ukakua ukiamini. Mtoto hana siri, nanyi mlishinda jikoni kwa Mama Mrusi, kwa hiyo sikuweza kuwaambia, na Musa nilimwomba asimtaje mama mbele yenu mpaka niwaambie mwenyewe. Unakumbuka ile Berezofka yenu nyuma ya jiko? Mlichimba mto kwa kijiko, mkaujaza maji ya kuoshea vyombo. Kanisa lilikuwa kopo, na nyumba za watu wa shamba magunzi ya mahindi. Siku moja nilitoka kumwaga majivu nikakuta ng'ambo ya mto, penye makaburi, umeweka jiwe jeupe na ua la pareto juu yake. Nikakuuliza ni nani huyo. Ukasema, "Ni nyanya yangu. Nimemvusha kabla barafu haijapasuka, asingoje kwenye kibanda."

Nilirudi ndani nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ilipowafukuza watu wa kabila la Chege mashambani, uliona lori lilivyokuja kuwachukua akina Chege. Nyumba zao zilivutwa chini kwa kamba siku ileile. Chege alizaliwa shambani hapa, na walimwambia anarudishwa kwao. Alikuwa amesimama kwenye lori na godoro lake, akaniita, "Zakaria! Kwetu ni wapi, wewe unajua?" Watu walicheka kidogo, kwa sababu alikuwa Chege. Mama Mrusi alikuwa barazani akilia, akisema ni kama Berezofka, ni kama Berezofka, na hakushuka ngazi. Mimi nami sikushuka. Nilisimama nyuma yake na sinia, nikiwaza kwamba kati yetu sisi watatu, ni mimi peke yangu ninayejua kwetu ni wapi, na kwamba pako palepale, na kwamba kuna mtu.

Hata baada ya hapo sikwenda. Sasa unajua baba yako ni mtu wa namna gani.

Halafu ukafaulu. Chuo cha walimu kilichokuita kiko kule kule kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwa nyanya yako. Unakumbuka nilivyoanza kukisema vibaya? Nilisema kule kuna malaria. Nilisema walimu wa kule hawapati kazi nzuri, nikasema afadhali ungoje mwaka mmoja uombe Eldoret. Ulilia siku mbili, ukadhani sitaki usome. Mimi nilikuwa nalinda bakuli la ngano. Nilikuwa tayari kukuzuia wewe usiwe mwalimu ili mimi nisikamatwe na uongo wa dansi. Kwa yote niliyoandika, hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana lile la kwanza nililifanya nikiwa kijana mjinga, na hili nimelifanya mwaka huu, nikiwa na akili zangu zote.

Tangu Jumapili nimejaribu kukuandalia kijiji chetu, kama Mama Mrusi alivyoniandalia chake. Nilimwaga unga mezani asubuhi ya Jumanne. Nikachora jiwe letu kubwa, lile la kuanikia wimbi, lenye ufa ambamo mijusi hukaa. Chini yake chemchemi. Kutoka chemchemi njia inapanda katikati ya mashamba madogo, mtu anaweza kumsalimu jirani na mkono ukaingia shambani kwake. Mkuyu palipo na njia panda. Kanisa la misheni kilimani. Kisha nikafika penye nyumba yetu, nikasimama. Mlango unatazama wapi? Jiko la mama liko kushoto au kulia? Nilijua upepo wa Berezofka unatoka upande gani, na sikujua mlango wa mama yangu unatazama wapi. Nikamwuliza Musa alipopita. Akasema nyumba ile ilianguka zamani, amejengewa nyingine, na mkuyu ulikatwa. Mwacha asili ni mtumwa. Tulifundishwa hivyo shuleni, nikaona ni neno la kuandika kwenye daftari.

Kwa hiyo sina ramani ya kukupa. Nina mambo mawili tu yasiyoanguka. Akicheka anaziba mdomo kwa nyuma ya mkono. Na sauti yake inavuka bonde. Akituita tule, watoto wa ng'ambo walikuwa wakianza kukimbia nyumbani kwao wakidhani ni wao. Steshini ni pana na watu ni wengi. Usimtafute kwa macho, sikiliza.

Leo saa tisa nilikwenda kumwambia Mama Mrusi. Nisingekuandikia barua hii kama nisingekwenda, ningekuwa narudia ule ule mchezo. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na shali mabegani. Unajua alivyopungua mwaka huu. Nilikaa chini bila kuambiwa. Nikasema, "Memsahib, mama yangu hajafa."

"Mama yako?"

"Kageha. Yuko nyumbani. Nilidanganya, siku ile ya ruhusa. Nilikwenda dansi."

Akauliza, "Naishi? Sasa? Leo?"

"Leo."

"Nakula vizuri?"

"Ndiyo, memsahib. Musa anasema anakula."

Nilingoja anifukuze. Ningekubali; hata nilikuwa nimekwisha kupanga mahali pa kupeleka mama yako na vitu. Hakunifukuza wala hakupaza sauti. Treni ya mizigo ilikuwa inapanda kutoka upande wa Elburgon, inasikika mbali, unaijua inavyokohoa kwenye mlima. Akaisikiliza mpaka ikapita. Akasema, "Mimi nakaa hapa miaka yote, naita mama yangu. Hapana treni kwenda Berezofka. Hapana barua. Mimi hapana jua kama wao navusha yeye mto. Na wewe..." Akanyoosha kidole dirishani. "Treni napita hapa kila siku. Kila siku, Zakaria."

Nilitegemea kuaibika kwa sababu nilimdanganya. Kumbe aibu yenyewe ilikuwa inapita chini ya shamba, asubuhi na jioni, ikipiga honi.

Alinyanyuka kwa fimbo yake, akaenda stoo mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Akarudi na mfuko wa ngano na chupa ya asali. Akasema, "Hii peleka Kageha mdogo. Yeye napikia Kageha mkubwa. Hii si ya kufa tena. Mwambia yeye kula mwenyewe." Kisha akakaa na kunigeuzia uso, na sijui kama kesho atanisemesha. Ana haki asinisemeshe.

Mfuko uko sandukuni, umefungwa na kile kitambaa chekundu, na asali imeviringishwa kwenye sweta. Namna ya kupika unaijua kuliko mimi. Mwambie ilitoka kwa nani, mwambie yote, usinifunike. Akitaka kujua mtu huyu wa mbali alimwombea nini miaka hiyo yote, mwambie alimwombea apumzike. Pengine atacheka. Kama ataziba mdomo kwa nyuma ya mkono, ujue ni yeye.

Jina lako usilionee aibu. Nilikupa vibaya, lakini umelibeba vizuri, na yeye amekuwa akiulizia hilo jina tangu ulipokuwa wa kubebwa. Aibu yake ni yangu. Iache hapa Molo.

Lile jiwe jeupe bado lilikuwepo nyuma ya jiko. Mto wenu umejaa majani na kanisa limeliwa na kutu, lakini jiwe lilikuwepo ng'ambo, mahali ulipoliweka. Nimelitoa leo jioni. Sikujua niliweke wapi, liko mfukoni mwangu ninapoandika.

Sikuombi unisamehe. Nakutuma, na ukikataa kutumwa pia ni sawa. Mkishakula, siku yoyote utakayoona inafaa, mwulize kwa niaba yangu kama aliyemzika mtu anaweza kurudi kumsalimu. Akisema hapana, niandikie hivyo hivyo, usiyalainishe. Akisema ndiyo, usipoteze wino, niandikie neno moja tu, njoo.

Treni inapita hapa kila siku.

Baba yako,
Zakaria